Anaona punje ya mchele, haoni kiatu chake

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Huyu wa pili ana miaka 7, yuko darasa la kwanza na jioni anakwenda madrasa. Alizaliwa njiti, kilo 1.3, nikambeba kifuani wiki 5. Alichelewa kutembea na mpaka leo anakanyagia vidole. Tatizo lake ni macho, au sijui ni nini. Anaokota punje ya mchele sakafuni, lakini viatu vyake akivivua mlangoni mwa madrasa havioni mpaka wenzake wote waondoke. Ndege ikipita angani anaiona kabla yetu sote. Ngazi za nyumba ya bibi yake anapanda vizuri, kushuka anashuka kwa makalio. Sokoni akiniachia mkono ananipita huku analia "mama, mama", na mimi nimesimama palepale. Nimempeleka kupimwa macho mara mbili, nikaambiwa macho mazima, hahitaji miwani. Mwalimu anasema ni mvivu, ustadhi anasema mtundu, bibi yake anasema ametupiwa jicho, baba yake anasema anajifanya. Yeye kutwa anasukuma tairi bovu, hata nikimtuma dukani anakwenda nalo. Niambie ukweli, mwanangu anaona au haoni?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipofika kwenye tairi nilicheka peke yangu, kwa furaha, na nitakueleza sababu mwishoni.

Hao waliompima hawakukudanganya. Na wewe hukosei. Macho ya mtoto wako yanaweza kuwa mazima kabisa na bado akawa na shida kubwa ya kuona, kwa sababu jicho ni nusu tu ya safari. Kwa maelezo yako nashuku ana uoni hafifu unaotokana na ubongo. Kwenye faili za hospitali utaukuta umeandikwa kwa herufi tatu, CVI. Sijamwona, kwa hiyo hii ni dhana tu mpaka apimwe, lakini ni dhana yenye miguu. Mambo uliyoyataja yanakwenda pamoja kiasi kwamba ningeombwa kutunga mfano wa kufundishia wanafunzi wangu, ningeandika karibu barua yako neno kwa neno.

Jicho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Ishara hizo husafiri kwa mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni 1 kwa kila jicho, zinapita katikati ya kichwa, zinaishia kisogoni. Kuona kwenyewe kunaanzia huko kisogoni. Jambo hili tunalijua vizuri kwa sababu ya vita. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, daktari wa macho Mjapani, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kupima askari waliopoteza uoni ili wakadiriwe pensheni. Risasi za wakati ule zilikuwa ndogo na za kasi, zikiingia upande mmoja wa fuvu na kutokea upande wa pili, na mtu akabaki hai. Inouye akafuata njia ya kila risasi na kuilinganisha na sehemu ambayo askari hakuiona. Macho yao hayakuguswa, ila aliyejeruhiwa kisogo upande wa kushoto alikosa kuona vilivyo kulia kwake. Kazi ya kukadiria malipo ya wastaafu ikageuka ramani ya uoni ndani ya ubongo.

Kutoka kisogoni habari hugawanyika njia mbili. Moja hushuka kuelekea pande za masikio na hujibu "hiki ni nini, huyu ni nani". Ya pili hupanda kuelekea utosini, nayo hujibu "kiko wapi, kinakwenda wapi, mkono na mguu niupeleke vipi", na zaidi ya hayo huchambua vitu vilivyosongamana ili umpate yule au kile unachokitaka. Kwa watoto njiti ni hii ya pili, ya juu, ambayo huumia mara nyingi.

Sababu yake ni hii. Katikati ya ubongo kuna vyumba vyenye maji. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 34 hivi, nyama ya ubongo inayozunguka vyumba hivyo bado ni changa mno, na damu au hewa ikipungua hata kwa muda mfupi, hapo ndipo panapoathirika kwanza. Nyuzi zinazopeleka amri miguuni zinapita hapo. Nyuzi zinazoleta picha ya vitu vilivyo chini, yaani sakafu, vidato, kokoto, miguu yako mwenyewe, nazo zinapita hapo hapo, juu ya vyumba hivyo. Basi mtoto anayekanyagia vidole na mtoto anayeshuka ngazi kwa makalio ni mtoto mmoja mwenye jeraha moja. Anapopanda, kidato kiko mbele ya uso wake, anakiona. Anaposhuka kiko chini ya upeo wa macho yake, na kwake pale hakuna giza wala ukungu. Hapana kitu tu, kama wewe usivyoona kilicho nyuma ya kichwa chako. Wewe ungeshukaje ngazi usizoziona? Kwa makalio. Ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Sasa punje ya mchele na kiatu. Punje iko peke yake juu ya sakafu tupu, na ukali wa macho yake ni mzuri, anaiona. Kiatu kiko kati ya jozi 40 za ndala zilizorundikana. Ubongo wako ukitazama lundo lile huzisukuma kando 39 na kukuletea moja. Ubongo wake haujaweza kazi hiyo, kila ndala inapiga kelele kwa wakati mmoja. Ukitaka kuhisi anavyohisi, kumbuka ulivyokaa kwenye harusi karibu na spika, mtu wa pembeni anakueleza habari ya maana. Sauti yake inakufikia, masikio yako mazima, ila maneno huyapati. Wenzake wakiondoka na ndala zao, harusi inatulia, naye anakiona kiatu chake.

Sokoni ni vilevile, na pale ameongezewa nyuso zinazotembea. Hakusahau sura ya mama yake. Amekosa kukuchomoa kutoka kwenye umati.

Na ndege? Angani hapana msongamano. Ni kitu kimoja, kinatembea, juu ya bluu tupu. Mwendo una njia zake za ziada ndani ya ubongo. Mwaka 1917 daktari Mskoti George Riddoch aliandika habari za askari waliojeruhiwa kisogo ambao katika eneo waliloambiwa hawaoni waliweza kutambua kitu kikitembea, kikisimama kinapotea. Mpaka leo tunaona hivyo kwa watoto wengi wenye tatizo hili: pikipiki inayopita anaiona, kikombe kilichotulia mbele yake hakioni. Majirani wakimshuhudia akifuata bodaboda kwa macho halafu akapapasa kutafuta kikombe, wanaamua kwamba anaigiza.

Kwa nini vipimo havikulionyesha? Fikiria chumba cha kupimia macho. Kimetulia, mwanga mzuri, herufi nyeusi juu ya ubao mweupe, na mpimaji anamwonyesha moja baada ya moja kwa kijiti. Ni mazingira bora kuliko yote ambayo mtoto huyu atakutana nayo wiki nzima. Atafaulu. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo kazini niliwahi kumrudisha nyumbani mama aliyekuja na binti wa miaka 6 mwenye maelezo kama yako. Nikamwandikia "macho yako salama" na kumwambia awe mkali kidogo kwenye masomo. Aliporudi baada ya miaka 2, kwa tatizo jingine kabisa la mdogo wake, nilimwona yule binti akiingia mlangoni. Sakafu ya korido ilikuwa saruji, ya chumba changu vigae vyeupe. Pale vilipokutana alisimama, akanyoosha mguu mmoja taratibu akapapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayejaribu maji ya bahari, ndipo akaingia. Kwake mstari ule ungeweza kuwa shimo, kidato au rangi tu. Niliona aibu, na tangu siku hiyo naanza kumpima mtoto akiwa bado mlangoni.

Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya kesho ukiwa nyumbani. Tandika kaniki au shuka la rangi moja sakafuni, weka kijiko cha manjano juu yake, mwambie akichukue. Kisha tandika kanga yenye mji uliojaa maua na pindo lake, weka kijiko kilekile, mwambie tena. Mara ya tatu, acha kijiko kwenye ile kanga na uongeze kiberiti, kitana, kifuniko cha chupa na ufunguo, mwambie achukue kijiko. Usimharakishe na usiseme neno anapotafuta. Kama kwenye kaniki anachukua mara moja, kwenye kanga anasitasita, na kwenye mchanganyiko anapapasa kwa mkono au anakasirika na kuondoka, umeona kwa macho yako kile ambacho ubao wa herufi haukukuonyesha. Mrekodi kwa simu. Mrekodi pia akishuka ngazi na akitafuta viatu. Dakika 2 za video hizo zinamsaidia daktari kuliko barua ya rufaa ya kurasa nne.

Halafu fikiria jambo hili: wewe mwenyewe unavaa kanga kutwa, na huenda unampakata juu yake na kumpa vitu mapajani. Kila kitu unachomwekea pale kinazama kwenye maua. Sikuambii uache kanga, Tanga hiyo! Nakuambia ukitaka akione kitu, kiweke juu ya kitu kisicho na mapambo.

Hilo ndilo karibu lote la matibabu, ndugu yangu. Hakuna dawa wala operesheni ya kidonda hiki. Kinachosaidia ni kuupunguzia ulimwengu wake kelele za macho, na kumpa muda. Sahani yake ya maua ibadilishe, yake tu, iwe ya rangi moja iliyokolea, bluu au nyekundu, kwa sababu wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani. Akila akaacha chakula cha upande ulio karibu na kifua chake, usimgombeze, izungushe sahani na atamalizia. Vitu vyake visikae kwenye tenga moja. Msumari wake wa begi, msumari wake wa sare, kila siku mahali palepale. Atavikuta kwa kumbukumbu, na watoto hawa kumbukumbu zao huwa kali, maana wanaishi kwazo.

Viatu vya madrasa: avivue mwisho kabisa wa safu, pembeni, avigeuzie ukutani, au abebe mfuko wa kitambaa aingie navyo. Sokoni: chagua mtandio mmoja wa rangi kali isiyo na maua, wa manjano kwa mfano, uwe ndio wa kutoka naye kila mara. Akikupoteza, usisimame kimya ukingoja akuone. Inua mkono, upunge, umwite kwa jina. Umempa rangi, mwendo na sauti kwa pamoja, na hapo atakupata. Akiwa anatembea nawe ashike kiwiko chako au pindo la kanga, maana mwili wako ukishuka kidato mkono wake utahisi kabla mguu haujafika. Na anapotembea usimweleze habari ndefu. Kuangalia njia na kusikiliza kwa wakati mmoja ni mizigo miwili kwa ubongo uleule, ataangusha mmoja.

Ngazi za kwa bibi zipakwe rangi ya manjano au nyeupe kwenye kingo za vidato, upana wa vidole vitatu hivi. Kopo dogo la rangi linatosha. Bibi mwenyewe atashukuru usiku.

Bibi ni mtu wa kumheshimu katika hili. Usibishane naye habari ya jicho la husuda, kwa maana anachokisema ni kwamba ameona kuna kitu na hajakipatia jina. Mpe jina. Mwambie amezaliwa mapema, ubongo wake haukumaliza kukomaa tumboni, sehemu ya kuona chini na kuchambua vitu ikaumia. Nimeshuhudia mabibi wakiwa walimu bora wa watoto hawa mara wanapoelewa, kwa kuwa hawana haraka.

Shuleni kuna kazi zaidi. Darasa la kwanza lenye watoto wengi, kuta zimebandikwa chati za kila rangi, ubao umejaa kuanzia tarehe hadi zoezi la jana: kwa mtoto huyu ni lundo la ndala kila anapoinua kichwa. Akae mbele, mahali ambapo nyuma ya mwalimu pana ukuta mtupu au ubao tu. Mwalimu afute ya zamani kabla ya kuandika mapya, na asome kwa sauti anapoandika. Kunakili kutoka ubaoni ndiyo adhabu kubwa kwake, kwa sababu kila akiinama daftarini na kuinuka anapoteza mahali alipoishia, anaanza kutafuta upya. Kama mwalimu au jirani yake wa dawati anaweza kumwandikia maswali matano kwenye karatasi, yenye nafasi kubwa katikati, atayafanya. Akipewa ukurasa wenye hesabu 20 ataonekana mjinga. Akipewa hesabu zilezile moja moja atawashangaza.

Chukua kipande cha boksi, upande usio na maandishi, kata dirisha refu lenye kimo cha mstari mmoja wa kitabu. Aliweke juu ya ukurasa na kuliteremsha mstari kwa mstari. Hiki kidirisha ni cha bure na nimekiona kikibadilisha kusoma kwa mtoto ndani ya juma moja. Kinafaa na kwenye juzuu. Maandishi ya juzuu yamebanana, yana irabu juu na chini, na mtoto anayesoma herufi moja ya ubaoni bila shida hupotea kabisa akifunguliwa ukurasa. Mwombe ustadhi amtolee fotokopi iliyokuzwa, mistari mitatu kwa karatasi, na amhifadhishe kwa sikio. Nitashangaa kama hajawatangulia wenzake kwenye kuhifadhi.

Kuhusu uchovu. Utaona asubuhi anaona vizuri kuliko jioni, na siku akiwa na njaa, homa au amelala vibaya anarudi nyuma kama aliyesahau alichojua juzi. Watu hulichukulia hili kuwa ushahidi wa kujifanya: "jana mbona aliweza?" Uoni wa ubongo hupanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko ni dalili yenyewe. Mtoto huyu anatumia nguvu kuona, wewe unaona bure. Akitoka shule saa 8 mpe chakula na nusu saa ya utulivu, bila redio wala runinga, kabla ya madrasa. Hasira za saa 10 jioni utaziona zimepungua.

Baba yake naomba nimwandikie yeye mwenyewe mstari mmoja: kaka, mtoto wa miaka 7 hawezi kubuni uongo unaofuata ramani ya ubongo namna hii, ashuke ngazi kwa makalio lakini apande kwa miguu, apotee sokoni lakini aone ndege. Hata sisi tuliosomea tungekosea mahali.

Sasa nani wa kumwona. Kwanza rudi kwa daktari wa macho, safari hii kwa anayeshughulika na watoto. Hospitali ya KCMC kule Moshi, CCBRT na Muhimbili kule Dar es Salaam wana madaktari wa macho ya watoto. Kwa wasomaji wa Kenya, hospitali ya macho ya Kikuyu, na kwa tathmini ya masomo kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu, pale Nairobi pamoja na vituo vya tathmini vya serikali vilivyo kwenye kaunti. Utauliza: kwa nini arudi kama macho ni mazima? Kwa sababu watoto njiti wana hatari zao nyingine: makengeza, uoni hafifu wa mbali, na pazia la nyuma ya jicho kuathirika. Zaidi, wengi wa wenye kidonda cha ubongo hawawezi kukaza jicho kutazama kitu cha karibu, na ubao wa mita 6 haulionyeshi hilo. Mwombe daktari apime uoni wa karibu na apime kwa matone ya kupanua mboni. Huenda miwani ya kusomea ikamsaidia. Apimwe pia upana wa uoni, hasa wa chini. Chukua kadi ya kliniki na karatasi za kutoka wodi ya watoto wachanga kama unazo, na ile simu yenye video.

Mtaalamu wa viungo amwone kwa ile miguu. Kukanyagia vidole mpaka miaka 7 si jambo la kungoja liishe lenyewe, misuli ya kigimbi, nyuma ya mguu, hufupika.

Picha ya MRI ya ubongo? Ikipatikana, vizuri, inaweza kuonyesha kidonda chenyewe. Lakini mbuzi usiuze kwa ajili yake. Ikionyesha kidonda, ushauri utakuwa huuhuu, na ikitoka safi haimaanishi mtoto anaona sawasawa, kwa sababu kuna majeraha madogo ambayo picha haiyanasi. Kwa mtoto ambaye hana kifafa na ambaye harudi nyuma kimaendeleo, fedha hiyo ningeiweka kwenye nauli ya kliniki na fotokopi za juzuu.

Na tafadhali, "vitamini za ubongo" zinazouzwa kwenye mabasi na kwenye simu usinunue. Karoti mpe kwa kuwa ni chakula.

Ukishapata barua ya daktari, ipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Barua hiyo inamtoa mtoto kwenye kundi la wavivu na kumwingiza kwenye kundi la wenye uoni hafifu, na hilo lina uzito baadaye: kwenye mitihani ya taifa NECTA hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada kwa watahiniwa wa uoni hafifu, ila ni shule inayotakiwa kupeleka taarifa zao mapema. Usisubiri mwaka wa mtihani.

Najua barua hii itasomwa na mama wengine ambao watoto wao wako mbali zaidi ya huyu, wale waliochelewa kulia walipozaliwa, waliopata homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, kichwa kujaa maji, au sukari kushuka sana siku za kwanza kwa kushindwa kunyonya (hii ya sukari ina tabia mbaya ya kukipiga kisogo hasa). Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa anakodolea taa au dirisha na hakutazami wewe. Msidhani ni kipofu wa moja kwa moja. Zima redio. Mpakate vizuri, kichwa na mgongo vimeegemezwa, maana mtoto anayepigana asianguke hana nguvu iliyobaki ya kutazama. Vaa nguo nyeusi isiyo na mapambo, chukua kitu kimoja tu, chekundu au cha manjano, kinachong'aa, kitikise taratibu kidogo pembeni ya uso wake, unyamaze, usubiri. Subiri mpaka uone umesubiri kupita kiasi, kisha ongeza kidogo. Wengi wetu huondoa kitu sekunde moja kabla mtoto hajageuka. Na akigeuka akakitazama kisha akaangalia pembeni huku mkono ukikifuata, ameona: hawezi kutazama na kushika kwa pamoja. Kitu hichohicho kila siku, kwa majuma. Waliopoteza uoni ghafla baada ya malaria ya ubongo, wengi huona tena ndani ya miezi, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya kwanza.

Kuna mambo matatu ambayo hayasubiri kliniki ya mwezi ujao. Mtoto ambaye amefika miezi 3 hajawahi kukutazama usoni. Mboni inayoonekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu. Na mtoto mchanga anayejikunja ghafla au kuinamisha kichwa kwa mfululizo, mara kwa mara, hasa akiamka usingizini, hata kama haifanani na degedege mnalolijua. Huyo wa mwisho apelekwe siku hiyohiyo.

Umeniuliza anaona au haoni. Anaona, mdogo wangu. Anaona vizuri kitu kimoja, kilicho mbele au juu, mahali patulivu, akiwa ameshiba. Haoni chini, na haoni kwenye msongamano. Je, atapona? Kidonda hakitafutika, ila ubongo wa miaka 7 bado unajenga njia za pembeni, na yeye mwenyewe ameshaanza.

Maana lile tairi, unadhani analisukuma kwa nini? Tairi linatangulia hatua mbili mbele ya miguu asiyoiona. Likifika kwenye shimo linazama, likifika kwenye kidato linadunda, likigusa mchanga linakuwa zito, na mikono yake inasoma yote hayo kabla mguu haujafika. Kwa wazungu watoto wa namna hii hupenda kusukuma vigari vya wanasesere hata wakiwa wakubwa, kwa sababu ileile. Wa kwako hakufundishwa na mtu. Siku moja huenda mtaalamu akampa fimbo nyeupe badala yake, na tutaona kama ataitaka. Kwa sasa mwombe mwalimu mkuu aruhusu tairi liegemezwe getini, na ustadhi naye vivyo hivyo. Likichakaa, mtafutie jingine la ukubwa uleule, mikono yake imeshalizoea.